Aslaug wa Krokvika na Sahihi ya Kumi na Moja

Mchungaji, ndugu, majirani wa Storsund, na ninyi wachache mliobaki wa Krokvika ambao leo mmekaa safu ya mbele,

Naitwa Gunnvor, binti wa Torleif, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya shangazi yangu kwa sababu mimi ndiye niliyelala chini ya paa lake miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai. Nimeandika karatasi sita, naomba mnivumilie, kwani humo mna jambo ambalo wengi wenu hamlijui, nami mwenyewe nimelijua wiki mbili tu zilizopita.

Marehemu Aslaug Karlotte Rasmussen alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Machi 1931, katika ghuba ya Krokvika, akiwa mtoto wa kwanza wa Nils Rasmussen, mvuvi, na mkewe Oline, na miaka mitatu baadaye akafuatiwa na baba yangu, Torleif, na baada ya hao wawili nyumba ile haikupata mtoto mwingine. Bibi yake mzaa baba alikuwa Msami, wa kabila la wenyeji wa kaskazini hii, naye ndiye aliyemfundisha majina ya miamba kwa lugha ambayo shuleni walikatazwa kuitamka, ndiyo maana hadi uzeeni Shangazi alikuwa na majina mawili kwa kila jiwe.

Kabla sijafika kwenye shule yake lazima niseme juu ya ghuba yenyewe, maana kumweleza Aslaug bila Krokvika ni kazi nisiyoiweza. Ghuba ile inaingia nchi kavu kilomita mbili hivi, kisha inapinda kushoto kama kiwiko, na ndani ya kiwiko hicho maji yana kina cha pima kumi na tisa na yanatulia hata kama nje bahari imechafuka. Tatizo ni mdomo. Mdomo unatazama kaskazini mashariki, kule kunakotoka upepo mbaya kuliko wote, na chini yake umelala mchanga mrefu tuliouita Mgongo, ambao maji yakipwa hubaki pima mbili na nusu tu juu yake, kwa hiyo dhoruba ikija mawimbi huvunjika pale pale mlangoni, na aliye ndani hatoki, na aliye nje haingii. Watu waliishi pale hivyo hivyo. Juu ya kilima kuna duara nne za mawe ya meko ambazo hakuna ajuaye ni za nani, chini yake kuna misingi ya ghala ambako Warusi walikuwa wakileta unga kila kiangazi na kuondoka na samaki wakavu, na karibu na kona upo Mwamba wa Kasisi, ambapo mwaka 1811 kasisi mmoja alikwama kwa saa sita akingoja maji yajae, akitoa maneno ambayo, kwa maelezo ya Shangazi, hayamo katika Agano la Kale wala Jipya. Samahani, Mchungaji.

Alianza shule mwaka 1938 hapo hapo Krokvika, akisoma wiki mbili na kukaa nyumbani wiki mbili, kwa kuwa mwalimu mmoja aligawanywa kati ya ghuba mbili, na alikuwa hodari wa hesabu na wa kuandika. Masomo yake yalikatika vuli ya mwaka 1944, askari wa Kijerumani waliporudi nyuma wakichoma kila kilichosimama, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Familia ilipandishwa meli na kupelekwa kusini, mahali ambako, alisema, miti ilikuwa mingi mno hata hakuweza kuona hali ya hewa inayokuja. Walirejea Juni 1945, ingawa wakuu walikuwa bado hawajaruhusu watu kurudi, wakakuta mabomba ya moshi kumi na moja yamesimama peke yake na nyasi ndefu kati yake.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya maisha. Wavuvi wa Krokvika walikuwa wakiyapata maeneo yao ya kuvulia kwa kupanga alama mbili za nchi kavu katika mstari mmoja, paa la ghala la fulani na kilele fulani, dirisha la shule na jiwe jeupe, na sasa mapaa hayakuwepo, dirisha halikuwepo, hivyo wanaume waliovua humo tangu utotoni walizunguka baharini kama wageni. Babu Nils alimchukua Aslaug mashuani, akamwambia, "Wewe una kichwa cha kuandika. Mimi nitakuambia ghala lilikuwa wapi, wewe tafuta alama mpya." Majira yote ya joto ya mwaka ule walifanya hivyo, baba akikumbuka, binti akiandika, na daftari lile la kwanza tunalo bado, linanuka mafuta ya samaki hadi leo.

Mwaka 1952 alifika mhandisi aliyetumwa na ofisi moja ya serikali, Bwana Falkanger, kupima mdomo wa ghuba kwa ajili ya ukuta wa kuvunja mawimbi, na marehemu, akiwa na miaka ishirini na mmoja, aliajiriwa kwa wiki tatu kushika bildi, ile risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye mafundo ambayo hushushwa hadi chini kupima kina. Walipima mara mia nne na kumi na mbili. Mhandisi alichora mstari mwekundu kuanzia rasi ya mdomoni iitwayo Pua ya Mbwa kwenda kusini, mita mia moja na themanini, akasema, "Ukuta ukisimama hapa, Bibi Rasmussen, mtaweza kutoka hata mwezi Januari mkiwa mnakunywa kahawa." Aliondoka na michoro. Ukuta haukuja mwaka ule, wala uliofuata, lakini Shangazi alikuwa amezishika zile namba kwa mikono yake, na mtu akishashika kitu kwa mikono ni vigumu kumwambia hakipo.

Mwaka 1954 kituo cha simu kilifunguliwa sebuleni kwa babu, naye Shangazi akawa mhudumu wa simu na posta, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitatu. Baba yangu alioa mwaka 1957, akamleta mama yangu Petra kutoka kisiwa cha Lyngholmen, na mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Shangazi na mama yangu walikuwa mawifi wa aina ambayo haionekani sana, walifua pamoja, walichemsha maini ya samaki kwenye sufuria moja, na walikuwa wakicheka mambo ambayo baba akiingia walinyamaza.

Sasa nafika mwaka 1963. Barua ilikuja kwamba serikali itawasaidia watu wa ghuba ndogo zisizo na barabara wala bandari kuhamia mjini, kwa sharti moja, kwamba kila kaya itie sahihi na asibaki hata mtu mmoja. Zilikuwa kaya kumi na moja. Kumi zilitia sahihi ndani ya wiki moja, ya baba yangu ikiwa ya tatu, na ya kumi na moja ilikuwa ya Aslaug, ambaye tangu kifo cha babu mwaka 1959 nyumba ilikuwa kwa jina lake.

Nilikuwa na miaka mitano, nimekaa sakafuni kwenye mkutano uliofanyika shuleni, na mengine nimesimuliwa na mzee Ingolf, aliyekuwa mwenyekiti siku ile na ambaye yuko nasi hapa leo.

"Aslaug," alisema Ingolf, "peke yako unawafungia mlango watu arobaini na watatu."

"Mlango haujafungwa na mimi, umefungwa na Mgongo. Na tuliahidiwa ukuta."

"Ukuta! Miaka kumi na mmoja uko kwenye karatasi. Mashua yako utaifunga kwenye karatasi?"

Watu walicheka, na Shangazi alingoja wamalize.

"Anayetaka kwenda aende. Mimi simshiki mtu mguu."

"Hatuwezi kwenda bila wewe, mwanamke! Ndilo sharti lenyewe! Au hukusoma barua unazozigonga mihuri?"

"Nimeisoma. Ndiyo maana sitii sahihi. Nikitia leo, ule ukuta hautajengwa milele."

Tangu siku ile waliacha kumwita jina lake, wakawa wanamwita Bibi Ukuta. Mtu aliyetaka kupiga simu aliingia, akataja namba, akatazama dari hadi aunganishwe. Wanawake walichukua barua zao bila kuketi. Kwa miaka miwili na nusu mtu aliyekuja kunywa kahawa pale mezani alikuwa mama yangu peke yake, na sisi wote tulidhani anakuja kumbembeleza alegeze msimamo, hata baba alikuwa akimtuma akisema, "Nenda kaongee naye, wewe anakusikiliza."

Jumamosi tarehe 12 Februari 1966 mama aliamka na maumivu ya tumbo upande wa kulia, na upepo ulikuwa umegeuka kaskazini mashariki tangu usiku. Shangazi alimpata daktari kwenye simu saa tatu asubuhi, na daktari akasema ni kidole tumbo, lazima apasuliwe siku ile ile. Boti ya wagonjwa iliondoka Storsund, ikafika nje ya Mgongo saa sita mchana, tuliiona taa yake ikipanda na kuzama, haikuweza kuingia. Baba na Ingolf walimfunga mama kwenye mablanketi wakajaribu kutoka naye, wakarudishwa, wakajaribu tena, mashua ikajaa maji hadi kwenye injini. Ndani, Shangazi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Bado naisikia sauti yake, "Krokvika hapa, usikate, daktari, usikate tafadhali, niambie nifanye nini." Mama yangu alifariki saa kumi na robo alasiri, juu ya kochi la sebule ile, akiwa na miaka thelathini na miwili. Boti ilisubiri nje hadi giza lilipoingia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwaambia warudi, na hatimaye ilikuwa ni Shangazi aliyewaambia.

Tarehe 9 Machi alitia sahihi. Hakutoa hotuba. Aliandika jina lake, akagonga muhuri, akaiweka barua kwenye mfuko wa posta pamoja na nyingine.

Tuliondoka Krokvika Septemba 1967, kaya zote, kwa boti tatu, na nyumba tukaziacha na mapazia yake. Baba hakuweza kukaa nchi kavu, akajiunga na meli kubwa za uvuvi, akawa anarudi mara tatu kwa mwaka akiwa na pipi na maneno machache, hadi alipofariki mwaka 1991. Aliyenilea ni Shangazi. Alipata kazi posta ya hapa Storsund, kwenye dirisha la pili, alipoketi hadi alipostaafu mwaka 1998, na wengi wenu mmewahi kukaripiwa naye kwa kubandika stempu upande usio wake.

Kuhusu ndoa, marehemu aliolewa tarehe 15 Juni 1974 na Jentoft Sivertsen, dereva wa basi la mji huu, mjane mwenye tumbo na tabasamu, ambaye alimposa ndani ya basi, kituo cha mwisho, wakiwa wamebaki wawili tu. Jentoft alipenda kusimulia kwamba alimwambia, "Mimi sina ghuba, Aslaug. Nina basi tu, tena si langu," naye akajibiwa, "Unaweza kupiga makasia?" Hilo ndilo lilikuwa jibu. Kila kiangazi kwa miaka ishirini na mmoja walikwenda Krokvika kwa mashua, Jentoft akipiga makasia na kulalamika, Shangazi akiwa na daftari na bildi, wakiandika kila mwamba, kila kisima, kila mahali pa kuanikia samaki, nani aliishi wapi, nani alizama wapi. Yalipatikana majina mia mbili na themanini na sita. Jentoft alitangulia mwaka 1996 kwa ugonjwa wa moyo. Walipata kicheko kingi, lakini mtoto hawakujaliwa.

Mtoto alikuwa mimi, na hapa ndipo ninapoona haya kusoma. Mei 1976, nikiwa na miaka kumi na minane, najiandaa kwenda chuo cha ualimu Tromsø, tulikosana kwa jambo dogo sana, alikuwa amekunja nguo zangu upya baada ya mimi kuzikunja. Nikamwambia lile nililokuwa nimelibeba kwa miaka kumi.

"Ungetia sahihi kama wenzako, mama yangu angekuwa hai. Tungekuwa tunaishi mjini, hospitali ingekuwa mtaa wa pili. Ulimuua kwa ajili ya ukuta."

Jentoft alisimama, akasema, "Gunnvor, shika adabu!" lakini Shangazi alimwashiria akae. Alininyooshea sweta la mwisho. Akasema tu, "Viatu vyako vimekauka, viko kando ya jiko."

Nilivichukua nikaondoka. Kwa miaka kumi na mitatu nilimpelekea kadi ya Krismasi yenye mstari mmoja, na yeye alinijibu kwa barua za kurasa nne zenye habari za hali ya hewa, za mizaha ya Jentoft, za jiwe fulani walilolipatia jina. Nilirudi mwaka 1989, nikiwa nimeolewa, na tukazungumza tena, tukala pamoja, wanangu walimwita bibi, lakini neno lile halikuwahi kuguswa, lilikaa mezani kati yetu kama sahani ambayo hakuna anayeiondoa.

Ramani aliyoichora ya majina yale ilichapishwa na manispaa mwaka 2003. Mwaka 2010 kampuni ya kufuga samaki ilitaka kuweka vizimba ndani ya kiwiko cha ghuba, ikaleta meli yenye vyombo vya kupima kwa sauti, na kijana mmoja wa kampuni akaja nyumbani kwake na kompyuta kumwonyesha kwamba katika vipimo vile mia nne na kumi na viwili vya mwaka 1952, hakuna kilichopishana na vyao kwa zaidi ya nusu pima. Kampuni ilihitaji maji yaliyotulia mdomoni, ikajenga ukuta kutoka Pua ya Mbwa kwenda kusini, karibu kabisa na mstari wa Bwana Falkanger. Kazi ilichukua miezi minne. Walimwalika kwenye uzinduzi, akavaa koti lake jipya, akasimama juu ya ukuta, akatazama mawimbi yakipasuka upande wa nje na maji yakilala upande wa ndani. Kijana akamuuliza anaonaje.

"Kwa hiyo iliwezekana," akasema, na akaomba arudishwe botini. Hakwenda Krokvika tena.

Kuhusu ugonjwa, tarehe 19 Oktoba mwaka jana marehemu alianguka kwenye ngazi za maktaba akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, akaanza kupona na kuwatania wauguzi, lakini tarehe 14 Januari alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya sauti. Alisikia kila kitu. Aliweza kufinya mkono, basi.

Ijumaa tarehe 27 Januari nilivuka mlima kutoka kwangu kuja kumwona hospitalini, nikamkuta mzee Ingolf kwenye korido kando ya mashine ya kahawa, ana miaka tisini na minne na alikuwa amekuja kwa basi. Akaniambia niketi.

"Mama yako alikuwa na kichwa kigumu kuliko huyu wa ndani," akasema.

"Mama yangu? Kivipi, mzee?"

"Ule mwaka wa mkutano, mwezi wa Mei, nilikwenda kwa Aslaug kumtukana. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikafungua mlango, nikamkuta Petra mezani. Akasimama mbele yangu, mfupi vile, akasema, Ingolf, usimgombeze yeye. Mimi ndiye niliyemwomba asitie sahihi."

Sikuelewa. Nikamwambia baba alikuwa ametia sahihi kwa nyumba yetu.

"Ndiyo. Bila kumuuliza. Na Petra hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya watu, si unamjua Torleif alivyokuwa na majivuno. Lakini alikuwa ameshaona Lyngholmen ikihamwa. Alimwona baba yake anakaa dirishani mjini akitazama magari yaliyoegeshwa, hadi akafa pale pale kitini. Akamwambia Aslaug, wifi, mimi siwezi kukataa, lakini wewe unaweza. Aslaug mwenyewe alikuwa amechoka, nakwambia. Baada ya ule mkutano alikuwa tayari kutia. Petra ndiye aliyemshika."

"Na ukanyamaza? Miaka yote hii?"

"Aliniapisha, siku ya mazishi ya mama yako. Nikamwambia, Aslaug, watu wanakula nyama yako hai, waambie ukweli. Akasema, Torleif ameshapoteza mke, nisimpokonye na kumbukumbu yake. Nikasema, na mtoto je, atakuchukia. Akasema, mtoto akinichukia mimi nitavumilia. Akimchukia mama yake aliye kaburini, ataegemea wapi?"

Akazungusha kikombe.

"Juzi nimemuuliza, Aslaug, niseme sasa? Akanifinya mkono. Sijui alimaanisha sema, au alimaanisha nyamaza. Lakini nikifa mimi hutajua kamwe, basi nimechagua mwenyewe."

Niliingia chumbani. Alikuwa amelala, na muuguzi Maiken akasema asubuhi ilikuwa ngumu, tumwache apumzike, kesho atakuwa na nguvu. Nilikaa nusu saa, kisha nikasema dhoruba inakuja, afadhali nivuke mlima kungali na mwanga, nitarudi kesho. Ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona akifumbua macho.

Jumamosi barabara ya mlimani ilifungwa. Nilikaa garini mbele ya kizuizi, injini ikiunguruma, pamoja na malori mawili ya samaki. Nilimpigia Maiken, naye kwa wema wake akasema, "Nikuwekee simu sikioni mwake? Anasikia vizuri leo, yuko macho." Nikakataa. Nikasema jambo hili nitamwambia nikiwa nimemshika mkono. Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mitatu aliunganisha sauti za watu, mimi nikakataa simu. Jumapili tarehe 29 Januari barabara ilikuwa bado imefungwa, na saa nane na dakika kumi mchana Maiken alinipigia, na kabla hajasema neno nilijua.

Marehemu ametuacha mimi, mume wangu, wanangu wawili na vitukuu vitatu. Wapo walioniuliza kwa nini hatumpeleki Krokvika, akalale karibu na mama yangu. Alikuwa ameandika mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, nyuma ya bahasha ya posta, kwamba azikwe hapa hapa Storsund kando ya Jentoft, "kwa sababu kule mtapata baridi bure, na mmoja wenu akiugua nani atamfikia." Tumemtii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya pili, na kwa namna ya pekee Maiken, aliyemshika mkono saa ile ambayo ilikuwa yangu. Tunawashukuru majirani wa mtaa wake waliomwondolea theluji mlangoni majira yote ya baridi bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa posta, watu wa maktaba, wanawake wa kanisa waliooka mikate mtakayoila baada ya ibada, na mzee Ingolf, ambaye ameniruhusu kulisoma hili mbele yenu akasema ni vizuri lisikike angali na masikio.

Ninyi wa Krokvika mlio safu ya mbele, mliomwita Bibi Ukuta, siwalaumu, kwani neno langu lilikuwa baya kuliko lenu na nililisema nikiwa nimeshiba chakula chake. Lakini sasa mnajua.

Shangazi, nilichelewa siku mbili, na kabla ya hizo mbili nilichelewa miaka arobaini na sita. Ulimsitiri mama yangu kwa jina lako mwenyewe, ukaniacha nikulaumu ili nipate wa kumpenda bila doa. Nisamehe. Sijui kama ungetaka watu waambiwe, pengine leo ungenikaripia. Nimesema kwa sababu siwezi tena kukubali ulale ukiwa na hatia isiyo yako.

Pumzika, Shangazi wangu. Upumzike kwa amani.